Aibu Hii Ni ya Nani?

Mwezi huu tungependa tukae kitako tuzungumze juu ya mchezo wa kuigiza. Huenda mama mmoja akashangaa na kusema, "Sisi na michezo ya kuigiza, wapi na wapi?" Tunamwomba avumilie kidogo. Mchezo wenyewe hauna vichekesho wala ngoma, wala hauna mapambo ya kupendeza macho. Ni watu saba waliokaa juu ya viti saba, wakisimulia yaliyowapata wanawake saba. Lakini ndani yake mna swali linalogusa kila nyumba na kila kanisa. Mwanamke anapoumizwa, anayepaswa kuona aibu ni nani? Na sisi tunaosikia habari yake, tufanye nini nayo?

Mchezo huo unaitwa Seven, yaani Saba, na ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi wa Januari 2008. Waliouandika ni wanawake saba wa Marekani, wakiongozwa na Carol K. Mack. Kila mwandishi alichukua mwanamke mmoja aliye hai, mwenye kazi inayojulikana katika nchi yake, akamhoji kama vile mwandishi wa habari ahojivyo. Kisha maneno ya wale waliohojiwa yakasukwa pamoja kama ukili, yakawa mchezo mmoja. Kwa hiyo hii si hadithi ya kubuni. Ni habari za kweli, ila badala ya kuchapwa gazetini zinasemwa jukwaani.

Wanawake wenyewe wametoka pande mbalimbali za dunia. Yuko Hafsat Abiola wa Nigeria, ambaye mama yake, Kudirat, alipigwa risasi mjini Lagos tarehe 4 Juni 1996 kwa sababu ya kudai haki ya mumewe aliyefungwa baada ya uchaguzi wa 1993 kufutwa. Yuko Mukhtar Mai wa Pakistan na Mu Sochua wa Kambodia. Yuko Marina Pisklakova-Parker wa Urusi, na Farida Azizi aliyewahudumia wanawake wa Afghanistan wakati wa utawala wa kwanza wa Taliban. Wako pia Anabella De León wa Guatemala, aliyekuwa mbunge, na Inez McCormack wa Ireland ya Kaskazini, aliyetetea wanawake wafagizi wa hospitali na kufariki dunia mwaka 2013. Dini zao ni mbalimbali, lugha zao ni mbalimbali, na hata mavazi yao hayafanani. Lakini msikilizaji hukaa muda mfupi tu kabla ya kutambua kwamba kilio ni kile kile.

Hebu tumtazame mmoja wao kwa karibu, yaani Mukhtar Mai. Huyu ni mwanamke wa kijiji cha Meerwala, katika jimbo la Punjab. Hakujua kusoma wala kuandika, ingawa aliwafundisha watoto wa kijiji Kurani aliyoihifadhi moyoni. Mwezi wa Juni 2002 mdogo wake wa kiume, ambaye alikuwa bado mtoto, alisingiziwa kwamba amemvunjia heshima msichana wa ukoo wenye nguvu kuliko wao. Baadaye ilibainika kuwa mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa ametendewa uovu na watu wa ukoo ule. Wazee wakakutana, na Mukhtar akapelekwa mbele yao kuomba radhi kwa niaba ya jamaa yake. Badala ya radhi kupokelewa, alikamatwa akaingizwa ndani, akanajisiwa na wanaume kadhaa, kisha akatolewa nje mbele ya watu akiwa nusu uchi. Baba yake ndiye aliyemtupia nguo ya kujistiri.

Katika mila za pale, ilitazamiwa kwamba mwanamke aliyepatwa na jambo kama hilo atajiua, na habari iishie hapo. Mukhtar mwenyewe ameeleza kwamba wazo hilo lilimjia. Lakini mambo mawili yalitokea. La kwanza, mama yake hakumwacha peke yake usiku wala mchana. La pili, Ijumaa iliyofuata imamu wa msikiti wa kijiji alisimama akahubiri waziwazi kwamba lililotendeka ni dhambi kubwa, na kwamba waliolitenda wapelekwe mbele ya sheria. Imamu huyo hakuishia kwenye mahubiri. Alimpasha habari mwandishi wa gazeti wa eneo lile, na mwandishi akaandika. Katika siku chache habari ya Meerwala ilikuwa inasomwa Islamabad, London na New York.

Mukhtar alipofika kwa polisi alielezwa abonyeze kidole gumba kwenye karatasi, kwa kuwa hakujua kutia sahihi. Karatasi ilikuwa tupu! Yaani polisi wangeandika wapendalo juu ya alama yake. Hapo ndipo alipotambua kwamba kutojua kusoma ni mlango mwingine wa kuonewa. Serikali ilipompa fidia ya rupia 500,000, hakujenga nyumba ya fahari. Alifungua shule ya wasichana kijijini, naye akakaa darasani kujifunza pamoja na watoto. Na katika shule hiyo walikuja kusoma hata watoto wa ukoo ule uliomdhulumu. Jambo hilo peke yake, akina mama, linatosha kututafakarisha mwezi mzima.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba gazeti likishaandika, basi haki imepatikana. Mahakama ya kwanza iliwahukumu watu sita kifo mwaka 2002. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Lahore iliwaachilia watano, na wa sita akapewa kifungo cha maisha. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikathibitisha uamuzi huo. Mwezi wa Juni 2005, alipoalikwa Marekani, serikali ya nchi yake ilimzuia kusafiri kwa kuhofia kwamba angeichafulia nchi jina. Fikirini jambo hilo. Walioichafua nchi ni wale waliomtendea, lakini aliyefungiwa milango ni yeye. Aibu ilikuwa imebebeshwa mtu asiyestahili.

Huenda msomaji mmoja anasema, "Hayo ni ya Pakistan. Sisi hatuna mambo hayo." Ndiyo sababu mchezo huu una wanawake saba wa nchi saba. Mtazamaji anapojiandaa kulaumu dini fulani au kabila fulani, sauti nyingine inadakia kutoka nchi nyingine, na kidole alichokinyosha kinamrudia.

Sikilizeni ya Marina wa Moscow. Hii ni Urusi, nchi iliyopeleka mwanamke angani mwaka 1963, nchi yenye madaktari wanawake wengi. Siku moja Marina alikutana na mama wa mtoto aliyesoma na mwanawe, na uso wa mama huyo umevimba upande mmoja. Kisa? Kifungo cha koti la mume kilikuwa kimekatika, na mke hakuwahi kukishona. Marina akauliza kwa nini asiondoke. Jibu alilolipata ni lile lile ambalo akina mama wengi wa kwetu wangelitoa: niende wapi, na nyumba ni yake, na watoto niwalishe nini? Mwaka 1993 Marina akaanzisha huduma ya simu kwa wanawake wanaopigwa majumbani. Mwanzoni alikuwa akipokea simu hizo peke yake. Na bado safari ni ndefu, maana mwezi wa Februari 2017 nchi hiyo ilipitisha sheria kwamba mtu anayempiga wa nyumbani mwake kwa mara ya kwanza bila kumjeruhi vibaya hatendi jinai, bali kosa dogo la kutozwa faini au kufungwa siku chache.

Warusi wana msemo wa zamani kwamba mume akikupiga ndiyo anakupenda. Je, sisi hatujausikia huo hapa kwetu? Wakambodia nao wana msemo kwamba mwanamume ni dhahabu na mwanamke ni kitambaa cheupe. Maana yake, dhahabu ikianguka matopeni huoshwa ikang'aa, lakini kitambaa kikishaingia doa hakitakati tena. Mu Sochua, alipokuwa waziri wa mambo ya wanawake kuanzia 1998 hadi 2004, aliushambulia msemo huo kwa kuugeuza: mwanamume ni dhahabu, na mwanamke ni kito cha thamani. Kwa mtu wa haraka hilo ni neno tu. Lakini sisi tuliolelewa kwa methali tunajua kwamba neno likikaririwa jikoni, kisimani na kwenye sherehe za arusi, huwa sheria yenye nguvu kuliko ile ya bungeni. Tunapomwambia bibi arusi kwamba ya chumbani yaishie chumbani, tunamfundisha kusitiri nyumba yake, nayo ni busara. Lakini je, huwa tunamwambia pia ni wakati gani afungue mlango apige kelele?

Sasa tuje kwa waandishi wa habari, maana wao ndio waliobeba sauti hizi. Kalamu ni kama kisu cha jikoni. Kinakata mboga na kinakata kidole. Wakongwe wetu watakumbuka usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito huko Meru, Kenya, wavulana walipovamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walifariki dunia, na 71 walinajisiwa. Pamoja na msiba huo, lililowashtua watu ni maneno ya kiongozi mmoja wa shule, kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, walitaka kuwanajisi tu. Waandishi wangeweza kuyapuuza maneno hayo. Waliyachapa, nayo yakasomwa ulimwengu mzima, na watu wakajiuliza ni mangapi yanayoitwa ya kawaida kwa sababu tu hakuna aliyeyaandika.

Nchini Tanzania, waandishi wanawake waliungana wakaunda chama chao, TAMWA, kilichoandikishwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata walianza kutoa jarida la Sauti ya Siti. Waliandika juu ya vipigo, kunajisiwa na mauaji wakati mambo hayo yalipokuwa yakinong'onwa tu. Kelele zao na za wenzao zilisaidia kuleta sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inayotoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Hiyo ndiyo kazi njema ya kalamu.

Lakini kisu kile kile kinakata kidole. Gazeti linapotoa picha ya mtoto aliyeharibiwa, jina lake na kijiji chake, limemharibu mara ya pili. Linapoandika kwamba mume alimuua mkewe "kwa wivu wa mapenzi", limempa muuaji nusu ya udhuru. Linapouliza marehemu alivaa nini na alitoka wapi usiku, limemgeuza mshtakiwa hali hayupo kujitetea. Na siku hizi kila mwenye simu ya mkononi ni mwandishi wa habari. Picha ya dada aliyevuliwa nguo na kundi la watu inasambazwa kwa vikundi vya marafiki na ndugu kabla jua halijatua, na wengine huisambaza wakidhani wanamsikitikia.

Waliotunga Saba wametufundisha njia nyingine. Hawakumchukulia mtu habari yake. Walimwendea, wakakaa naye, wakamsikiliza mpaka mwisho, naye akajua maneno yake yanakwenda wapi. Tena jukwaani hawaonyeshi kitendo kile cha aibu. Mukhtar haigizwi akinajisiwa. Anasikika akieleza, na mtazamaji anautazama uso wa mtu mzima mwenye akili na heshima zake. Aliyeonwa akiteswa huhurumiwa. Aliyesikilizwa huheshimiwa. Kati ya kuhurumiwa na kuheshimiwa pana umbali mkubwa.

Jambo jingine ni kwamba katika nchi nyingi mchezo huu haukupewa waigizaji wa kazi. Wamealikwa wakuu wa polisi, mahakimu, wabunge, waandishi wa habari na viongozi wa dini, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akashika karatasi akasoma. Hebu piga picha: mkuu wa polisi, ambaye vituoni mwake wanawake wameambiwa mara nyingi warudi nyumbani wakasuluhishwe na wazee, sasa anasimama mbele ya watu anaowajua na kusema, "Mimi nilipigwa," kwa sauti yake mwenyewe. Maneno yakishapita kinywani mwa mtu, huacha alama hata kwenye moyo wake.

Wapo watakaosema kwamba kuyatoa hadharani mambo haya ni kuvunja familia. Tunawaelewa, maana heshima ya nyumba ni kitu kikubwa. Lakini katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13, tunasoma habari ya Tamari binti Daudi, aliyeharibiwa na ndugu yake wa baba mmoja. Kaka yake Absalomu alimtaka anyamaze, na baba yao alikasirika lakini hakuchukua hatua. Nyumba ile haikupona kwa kunyamaza. Kilichofuata ni mauaji kati ya ndugu na uasi wa mtoto dhidi ya baba. Wahenga wetu nao walisema mficha maradhi kilio humfichua. Familia huvunjwa na ngumi. Anayesema kwamba kuna ngumi hakuivunja.

Je, sisi akina mama wa vikundi na majumbani tufanye nini? Tunapendekeza machache.

Mwenzetu akija kutueleza, kwanza tumsikilize bila kumkata, tena tusianze kwa kumwuliza alifanya nini hata akapigwa. Mama yake Mukhtar hakuwa na elimu wala fedha, lakini kukaa kwake karibu na binti yake kulimwokoa asijidhuru.

Ikiwa amenajisiwa, tumpeleke hospitali upesi kabla hajaoga wala kufua nguo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Nguo zake ziwekwe katika mfuko wa karatasi au kitambaa, si wa nailoni, kwa maana ni ushahidi. Tanzania iko fomu ya polisi ya PF3, na Kenya iko P3, nazo vituo vingi vina dawati la jinsia. Kwa Kenya, simu ya bure ni 1195, na kwa habari za watoto, 116 hutumika Kenya na Tanzania pia. Mgonjwa akiwa na hali mbaya, matibabu yatangulie, karatasi zifuate. Na mwenzetu asiyejua kusoma asiwekwe peke yake mbele ya karatasi. Mmoja wetu amsomee kabla hajaweka kidole.

Habari yake ni mali yake. Tusiipeleke kwenye maombi ya kikundi kwa jina lake bila ruhusa, wala tusiigeuze mazungumzo ya njiani. Na akitaka kuisema mbele ya watu, tusimzibe mdomo kwa sababu ya jina la jamaa au la kanisa. Tena tuwaombe wachungaji wetu waliseme jambo hili madhabahuni waziwazi, kama yule imamu wa Meerwala alivyofanya bila kungoja kuambiwa.

Tusidhani kwamba kusema jukwaani ni desturi ya kigeni. Lile jarida la Sauti ya Siti lilipewa jina la Siti binti Saad wa Unguja, mwimbaji wa taarabu aliyerekodi sahani za santuri Bombay mwaka 1928 na kufariki dunia 1950. Katika mojawapo ya nyimbo zake alimtaja kwa jina mwanamume aitwaye Kijiti, aliyemuua mgeni mwanamke kutoka Dar es Salaam kisha akatoroka, huku wanawake waliofuatana na marehemu ndio walioadhibiwa. Wengi katika wasikilizaji wake hawakuweza kusoma gazeti. Siti ndiye aliyekuwa gazeti lao. Miaka mingi imepita, na jina ambalo watu wa pwani bado wanalikumbuka kwa aibu ni la Kijiti. La yule mgeni wanalitaja kwa huruma. Naam, aibu ilipelekwa kwa mwenyewe.

Basi mwezi huu, mwenzetu akifungua kinywa, tujiulize tunamsaidia kuirudisha aibu kwa nani. Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani katika nyumba zenu.